Sombe bila sambaza

Leo mchana, Kadutu, nimekula nikashiba kabisa.

Kwa wasionijua: nasoma chuo hapa Bukavu, na sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Bugali, maharage, lengalenga, hivyo havinipi shida.

Shida ni sombe, yaani majani ya muhogo. Kwetu sombe bila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, watu wanaona haijaiva, ingawa sambaza wenyewe waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Leo mama ninayekula kwake akaniita kabla sijakaa:

"Kuja mwanangu, yako iko huku."

Sufuria ndogo, kando ya ile kubwa. Sombe, mawese, karanga za kutwanga, bilinganya.

Na mwiko wake peke yake. Akausuuza mbele yangu ndipo akapakua.

Sikuwa nimemwomba huo mwiko! Wengine huniambia nitoe tu samaki pembeni nile. Yeye alielewa.

Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Sasa watu wa Bukavu: nani anauza maziwa ya soya upande wa Nguba au Nyawera? Na vitamini B12 mnanunua wapi, maana kwenye mboga haipatikani? Niandikieni hapa chini.