Kinga ya VVU inapofungiwa mlango

Februari 2017, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kufunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, wakiwamo wanaume wanaofanya ngono na wanaume, kwa hoja kwamba vilihamasisha ushoga. Vilainishi, yaani jeli za kupunguza msuguano wakati wa ngono, vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku mwaka 2016. Kwangu hilo lilikuwa kosa la kitabibu kabla ya kuwa jambo la siasa, kwani kilainishi cha maji hupunguza kupasuka kwa kondomu.

Wizara ilisema huduma zingeendelea katika vituo vya umma. Hata hivyo, mwanaume anayejua kwamba sheria dhidi ya ngono kati ya wanaume inaweza kumfunga maisha hatamsimulia mhudumu habari zake za faragha huku foleni ya majirani ikisikiliza (nani angethubutu?), na asipozieleza ni vigumu apewe PrEP, dawa ya kinga ambayo mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wote walio katika hatari kubwa. Kenya, yenye sheria kali pia, ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017.

Zahanati haiwezi kufuta sheria, lakini usiri wa faili, chumba cha ushauri kinachofungwa na mafunzo ya wahudumu vimo ndani ya uwezo wa mganga mkuu wa wilaya.