Dola lililolipa kwa dola

Neno letu "dola" limebeba mizigo miwili: dola la kutawala na dola za kutumia. Kundi la Daesh, lililojiita Dola la Kiislamu huko Iraq na Syria, liliitaka yote miwili kwa mpigo. Novemba 2014 lilitangaza kwamba litaachana na noti na kupiga sarafu zake lenyewe: dinari ya dhahabu ya gramu 4.25, dirhamu ya fedha na fulusi za shaba. (Ndiyo, fulusi, hizo hizo tunazozisaka kutwa nzima hapa Mombasa.) Sarafu zilipigwa kidogo, zikaonyeshwa sana. Mishahara ya wapiganaji iliendelea kuandikwa kwa dola za Marekani, kwa kuwa wanaouza vitu ng'ambo ya mpaka walitaka pesa inayopita mpakani.

Mengi yanayosemwa kuhusu kundi hili katika maskani za Majengo na Kisauni yametoka kwenye video zake, na video ni tangazo la duka. Afadhali kusoma makaratasi. Walipotimuliwa Mosul, Iraq, Julai 2017 na Raqqa, Syria, Oktoba mwaka huo huo, waliacha rundo: mikataba ya kukodisha mashamba, stakabadhi za kodi, orodha za mishahara, vyeti vya kuzaliwa.

Karatasi yenye maneno mengi kuliko zote ni fomu ya kuingilia. Machi 2016 maelfu ya fomu hizo zilivuja zikawafikia waandishi wa habari. Zilijazwa na wageni waliovuka kutoka Uturuki kuingia Syria, nyingi zikiwa za 2013 na 2014. Zina maswali 23: jina, kuniya (jina la "Abu fulani"), jina la mama, kundi la damu, uraia, ndoa, elimu, kazi ya zamani, nchi ulizopita, nani aliyekudhamini. Lipo swali la kiwango chako cha elimu ya sharia, na katika fomu zilizochambuliwa takriban watu 70 kwa kila 100 walijibu kwamba ni ya msingi tu. Ustadhi yeyote wa madrasa ya mtaani asingewaachia hata darasa la juzuu amma. Lipo swali la kazi unayoitaka: mpiganaji wa kawaida, inghimasi, yaani anayejitosa katikati ya adui bila nia ya kurudi, au wa kujilipua. Pana nafasi ya kuorodhesha vitu ulivyoacha amana. Na swali la pili kutoka mwisho ni lile ambalo mgeni mwenyewe halijazi: tarehe na mahali alipofia. Karani aliiacha wazi, akisubiri.

Sasa mishahara. Katika orodha zao mpiganaji mseja aliwekewa dola 50 kwa mwezi. Mke aliongeza 50, kila mtoto 35. Mwenye mke na watoto wawili basi alifikia 170. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu shilingi 100 za Kenya, kwa hivyo kijana asiye na familia angehesabiwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukilipa chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili hapa mjini, zinazobaki ni za unga. Huko nyumba wengine walipewa bure, na ubure huo una asili yake. Mosul, Julai 2014, nyumba za Wakristo ziliandikwa herufi nuni kwa maana ya Nasara, wenyewe wakafukuzwa, mali ikawa ya dola. Orodha hizo hizo za mishahara zina safu ya sabiya, dola 50 kwa kila mwanamke mateka aliye nyumbani kwa mpiganaji. Wengi wa mateka hao walikuwa Wayazidi, watu wa dini ndogo ya kaskazini mwa Iraq, waliochukuliwa Sinjar kuanzia Agosti 2014, na tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema Juni 2016 kwamba waliyotendewa ni mauaji ya kimbari.

Mwishoni mwa 2015 Baitulmali yao, yaani hazina, ilitoa waraka Raqqa: mishahara yote ikatwe nusu. Waliolitazama kundi hili kama jeshi walishangaa. Waliolitazama kama duka walikuwa wameshaona rafu zikipungua.

Mapato yalitoka pande nne. Ngawira ilikuwa ya mara moja tu: benki za Mosul ziliporwa 2014, na benki tupu haiporwi tena. Mafuta yaliuzwa palepale kisimani kwa madalali wenye malori ya tangi waliopanga foleni, hasa katika visima vya al-Omar mkoani Deir ez-Zor, kwa hiyo foleni ilipovunjwa mapato nayo yalivunjika. Novemba 2015 ndege za Marekani ziliteketeza malori 116 karibu na Albu Kamal, baada ya kuwadondoshea madereva vikaratasi vya kuwaambia wakimbie. Chanzo cha tatu wengi hawakijui: serikali ya Iraq iliyoko Baghdad iliendelea kuwalipa watumishi wake waliobaki Mosul, walimu, madaktari na makarani, na Daesh ikijikatia fungu. Baghdad ilipofunga mfereji huo katikati ya 2015, mji mzima ulikauka. Maana yake, kwa takriban mwaka mmoja "khilafa" iliishi kwa sehemu kwa mishahara ya serikali iliyoiita ya kikafiri.

Kilichobaki ni kodi. Zaka ya asilimia 2.5, fungu la mavuno, ada ya usafi, ya umeme, ya kupitisha lori barabarani, faini za Hisba, polisi wao wa maadili, kwa sigara na ndevu. Kodi inataka watu, na watu walikuwa wanakimbia. Kutoka bila ruhusa kukawa kosa. Tena makarani waliokuwa wakiandika risiti hizo walikuwa wale wale wa zamani, walioamriwa warudi ofisini na kukalia viti vyao. Taka zilizolewa Mosul na watu wakasifu, ila aliyezizoa hakuwa mgeni kutoka ng'ambo.

Upande wa dini nitapita haraka, maana masheikh wamelimaliza. Ibrahim Awwad al-Badri, aliyejiita Abu Bakr al-Baghdadi, alitangaziwa ukhalifa tarehe 29 Juni 2014, na siku tano baadaye akahutubu katika Msikiti wa al-Nuri. Baia, yaani kiapo cha utii, ilikuwa ya wachache wasiojulikana. Septemba mwaka huo maulamaa zaidi ya 120 walimwandikia barua ya wazi, na moja ya hoja zao ni kwamba ukhalifa hautangazwi bila ijmai, yaani makubaliano, ya umma. Msikiti wenyewe ulilipuliwa Juni 2017 ukiwa mikononi mwa watu wake.

Huku kwetu neno lao jingine linachekesha. Tawi lililo Kongo wanaliita Wilaya ya Afrika ya Kati. Kwa Kiarabu wilaya ni jimbo. Kwa Mswahili wa Kenya wilaya ilikuwa kadogo, yenye DC, mkuu wake, na bendera. Majaribio ya kushika ardhi upande huu hayakudumu: Qandala, Somalia, kuanzia Oktoba hadi Desemba 2016, Mocímboa da Praia, Msumbiji, kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Mombasa hawakuwahi kushika hata kichochoro. Walichokipata ni wanawake watatu waliokivamia Kituo cha Polisi cha Central tarehe 11 Septemba 2016 na kuuawa, kisha tangazo la kudai sifa.

Anayewinda vijana Pwani haanzii Syria. Anaanza na kitambulisho. Anajua kijana wa Old Town au Likoni ameambiwa mara ngapi alete cheti cha babu, arudi Jumatatu, aje na mzee wa mtaa. Anamwambia: hawa hawakutaki, lipo dola lako. Malalamiko ni ya kweli, na mzazi akiyakanusha ameshampoteza kijana katika dakika ya kwanza. Akubali hilo, halafu aingie kwenye makaratasi. Nani atakaa na pasipoti yako? Mshahara unatoka mfuko upi? Ukitaka kurudi, ruhusa anaitoa nani? Kwa msichana liongezwe jingine: mume akifa unalala wapi? Jibu lake lilikuwa madhafa, nyumba ya wanawake yenye mlango wa kufungwa kwa nje, ambayo mjane alitoka kwa kuolewa tena. Haya yasemwe mapema, kwani chini ya sheria ya Kenya ya 2012 ya kuzuia ugaidi, uanachama pekee wa kundi kama hili unaweza kumfunga mtu hadi miaka 30.

Vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa muhuri wa Daesh havikutambuliwa na serikali ya Iraq. Familia nyingi zilivichana au kuvifukia, kwa kuwa kukutwa navyo kulikuwa ushahidi. Waliozaliwa chini ya muhuri huo 2015 walifikia umri wa shule ya msingi, na bila cheti cha Baghdad shule nyingi zilikataa kuwaandikisha, wala jina la mtoto halikuingia kwenye kadi ya mgao wa chakula.