Maji ya Saa Kumi

Imebaki miezi minne nistaafu uhandisi wa mitaro hapa Unguja. Leo nilikuwa napekua kabati la ofisini nikakuta daftari langu la vipimo la mwaka wa kwanza kazini. Ukurasa mmoja umeganda tope. Nimecheka peke yangu, halafu nikaona haya.

Mtaa wenyewe siutaji, watu wake bado wazima na wana ndimi. Ni bondeni, upande wa Ng'ambo. Wanaopita Darajani siku hizi wanaona soko na madaladala, lakini jina limetokana na daraja kweli, lililovuka hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori likafukiwa zama za Mwingereza, barabara ikapita juu yake. Bahari haikuombwa ruhusa.

Basi nikachora mtaro wa zege, mteremko mita 1 kwa kila mita 500. Mdomo wake nikaupima pwani saa nne asubuhi, maji yamekupwa mpaka kina mama wanachokoa pweza. Mtaro ukajengwa, ukakabidhiwa, tukapigwa picha.

Masika yakaingia. Alasiri moja sheha akanipigia simu, njoo mbio. Nikakuta bi mkubwa mmoja amesimama juu ya kibao cha mbuzi, kanga kaipandisha, godoro liko juu ya meza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Hakugomba. Alininyooshea kidole uvunguni mwa kitanda. Kaa mdogo wa pwani alikuwa anakwenda upande upande kwenye sakafu iliyojaa maji.

"Na huyu naye kashuka na mvua?"

Sikuwa na la kumjibu. Maji yale hayakutoka mbinguni peke yake, mtaro wangu ndio ulioyaleta kutoka baharini.

Kwetu hapa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne. Baina ya kujaa na kupwa zinafika kama mita 4. Bamvua kubwa kabisa huangukia kwenye Machi na Septemba, na Machi ndiyo masika yanapoanza. Mimi mtu wa saa za ofisi, kila nikenda pwani siku za bamvua nakuta kukavu. Mtoto wa mvuvi mimi! Marehemu baba mwezi aliuhesabu kwa vidole, na mimi nikaona hayo ni mambo ya ngalawa, hayana uhusiano na zege.

Tukaja tukatia mlango wa chuma mdomoni, umening'inizwa kwa juu: maji ya ndani yanausukuma unafunguka, bahari ikipanda inaubana unafunga. Ulifanya kazi vizuri hadi siku dafu tupu lilipokwama katikati. Dafu moja tu, na bahari ikarudi ndani. Tangu hapo kila kabla ya bamvua fundi hushuka na chepe na ndoo, akipanda juu ananuka siku nzima, na hakuna anayemshukuru.

Na hata mlango ukifunga, mvua inataka pahala pa kungojea mpaka bahari ishuke. Muda wa saa mbili, tatu. Pahala hapo ni vile vidimbwi tunavyogombania na watu kila mwaka. Kuchora mtaro ni kazi nyepesi. Kazi ni kumwambia mtu aliyelipia kiwanja, kikavu miezi tisa, kwamba amenunua bwawa.

Juzi wametuletea mhandisi kijana, msichana mwerevu, kompyuta anaichezea kama kete za bao. Nimemkuta anafunga leveli, chombo cha kupimia kimo cha ardhi, kwenye gari, anataka kwenda kupima mdomo wa mtaro mwingine. Saa tatu na nusu, na mwezi ni mpevu. Nikamwambia aiweke kwanza, tutakwenda pamoja saa kumi jioni.

Akanitazama kwa adabu.

"Lakini mzee, saa kumi si tumeshatoka kazini?"