Suti na raba kwenye benchi la ufundi

Kila inapofika mwishoni mwa Januari mimi hutafuta mechi za mpira wa kikapu za vyuo vikuu vya Marekani, na kabla ya kuangalia matokeo huangalia miguu ya makocha. Hicho ndicho kipindi ambacho makocha walizoea kuvaa raba pamoja na suti, katika kampeni ya Chama cha Saratani cha Marekani na chama cha makocha wa mchezo huo, ili mtazamaji aulize kulikoni, na akishauliza aelezwe habari za saratani, umuhimu wa kupimwa mapema na mahitaji ya fedha za utafiti.

Chimbuko la kampeni hiyo ni Norm Stewart, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Missouri, ambaye mwaka 1989 alianguka ndani ya ndege akisafiri na timu yake, na baadaye akagundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alipona, akarudi kazini, na mwaka 1993 akawaomba mashabiki waahidi kuchangia kiasi fulani cha fedha kwa kila mtupo wa pointi tatu ambao vijana wake wangefunga msimu huo. Naupenda utaratibu huo kuliko hata raba zenyewe, kwa sababu shabiki aliyekuwa akishangilia pointi alijikuta papo hapo anachangia matibabu ya mtu asiyemjua. Makocha wengine waliungana naye, na juhudi hizo zimekwisha kukusanya zaidi ya dola milioni 100.

Nguvu ya raba, hata hivyo, ilitokana na suti. Kwa desturi ya miaka hiyo kocha alivaa suti na tai, na katika ligi ya kulipwa ya NBA kanuni ya mavazi iliyotangazwa mwaka 2005, chini ya kamishna David Stern, ilizitaja raba waziwazi miongoni mwa viatu ambavyo wachezaji hawakuruhusiwa kuvaa katika shughuli za timu. Mchezaji aliyekaa benchi bila jezi alitakiwa avae koti na viatu rasmi. Kwa hiyo kocha aliyesimama kando ya uwanja akiwa na suti nyeusi iliyonyooka, tai imekaa sawasawa, na miguuni raba nyeupe, alikuwa amevunja desturi makusudi mbele ya kamera.

Kuvaa hivyo ukapendeza si kazi ndogo. Suruali iliyokatwa kwa ajili ya kiatu cha ngozi huwa ndefu, na ukiivaa na raba kitambaa hujikunja juu ya kamba na kuzificha. Fundi wangu hunitaka nivae raba zenyewe kabla ya kupima, kisha hubana pindo kwa pini karibu na kifundo cha mguu, huniambia nitembee, niketi, niinuke, ndipo ashike mkasi. Makocha wengi hawakufika huko, na raba zao kubwa za mazoezi zilionekana kama za kuazima; nadhani kutolingana huko ndiko kulikomfanya mtu aliyekaa sebuleni aulize.

Kisha ikaja korona. Julai 2020, NBA ilipoendeleza msimu wake huko Orlando bila mashabiki, makocha waliachana na suti wakavaa fulana za kola, na wale wa vyuo wakafuata mkondo huo. Hata Jay Wright, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Villanova na aliyesifika nchi nzima kwa suti zilizomkaa vizuri, aliziweka kando. Nawaelewa, maana kuchuchumaa na kupiga kelele muda wote wa mechi ukiwa umefunga tai ni mateso, lakini raba chini ya suruali ya mazoezi haimshtui mtu yeyote.

Ningependa basi makocha wazitoe suti kabatini kwa ajili ya kampeni hiyo tu, wavumilie joto la ukumbini kwa mechi moja au mbili. Wasiotaka kabisa warudie ahadi ya Stewart: watangaze kabla ya mpira kurushwa kwamba kila mtupo wa pointi tatu utachangiwa kiasi gani, na waanze kwa kuchangia wao wenyewe.