Ujumbe wetu ulifika jikoni ukiwa umefungia dagaa

Mtu akikwambia kazi ya habari na uhusiano kwenye chama cha wafanyakazi inaanza kwa kukodi ukumbi wa hoteli, mkatalie. Mimi sikukataa, na mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa mapema 2023. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepanda kuanzia Januari 1: mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri alitoka shilingi 40,000 za tangu 2013 hadi 60,000, na asiyelala hapo, 120,000. Hela bado ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa haki yake kisheria wakati huo, na wadada wengi niliokutana nao Tabata na Sinza, Dar es Salaam, hawakuwa na habari. Kazi yangu chamani ilikuwa kuwafikishia.

Mshauri mmoja wa mawasiliano akatuambia tuite waandishi. Tukakodi ukumbi, tukachapa bango, tukaandika taarifa ya kurasa tano iliyoanzia Geneva, Juni 16, 2011, siku Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani. Maji, vitafunwa, nauli za waandishi: kama milioni moja na nusu ikaondoka, michango ya watu wanaolipwa elfu sitini. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili. Dada mmoja mwanachama, aliyemuaga mwajiri wake kwamba anakwenda kliniki, alikaa mstari wa mbele na karatasi yake, akirudia kimoyomoyo maneno atakayosoma. Mgeni alipomaliza hotuba, mwandishi wa kwanza akamuuliza habari za barabara ya jimboni kwake. Wote wakamfuata na vinasa sauti mpaka kwenye gari. Dada hakusoma. Kesho yake magazeti mawili yaliandika barabara, na kwenye picha bango letu lilionekana nusu.

Nilipomwomba radhi aliniambia, "Kaka, hata wangeandika. Mimi gazeti nalishika likishafungia dagaa."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, magenge mengi mtaani kwetu hufungia vitu kwenye karatasi, na karatasi hizo mama wa genge anazinunua kwa kilo. Nikamfuata mmoja Tabata: "Mama, nikikuletea karatasi za bure, utafungia?" Akacheka. "Mwanangu, lete hata leo."

Mzigo wa kwanza uliharibika. Nilichapa vipeperushi vya kung'aa, vidogo. Vitunguu vikawa vinaponyoka. Mama akanionyesha mwenyewe: karatasi iwe pana na laini kama gazeti, wino upande mmoja tu, ili chakula kikae upande mweupe. Kwa laki mbili na kitu tukajaza magenge manane. Dada wa kazi ndiye anayetumwa gengeni, ndiye anayefungua jikoni, na saa hiyo mara nyingi yuko peke yake.

Maneno yalikuwa machache, herufi kubwa. Unalala kazini? Mshahara usipungue 60,000. Umefukuzwa bila haki? Una siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hizo siku 30 ndizo zinazowaponza wengi. Dada anarudi kwao Iringa au Singida, na akija kuuliza muda umeshapita. Chini kabisa: Bipu, tutakupigia. Vocha hana, usimwambie apige. Na neno "beki tatu", jina la mtaani la dada wa kazi, usiliandike kamwe, hata kama redio zinalitumia.

Simu zilibipiwa hadi chaji ikaisha kabla ya mchana. Tulipiga kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, mabosi wakiwa kazini. Meseji hatukutuma hata moja, kwa sababu kuna waajiri wanaokagua simu. Namba yetu wadada waliihifadhi kwa jina la Fundi Gesi, ubunifu wao wenyewe. Sikutegemea kwamba waajiri nao wangesoma. Mama mmoja alipiga akidhani nitamgombeza, kumbe anataka mfano wa mkataba wa maandishi amwandikie dada yake wa kazi. Nilimpelekea siku hiyohiyo.

Mzigo uliofuata tulichapa yale maneno ambayo dada hakuyasoma hotelini, yote, kama alivyoyaandika. Mama wa genge aliniambia kuna wateja waliokuja kuomba karatasi tu, bila dagaa.