Jezi Nyekundu ya Mzee wa Adelaide

Kwa miaka minne nilipita juu ya daraja la EJ Whitten kila siku ya kazi bila kujua EJ Whitten ni nani. Daraja lenyewe liko kwenye barabara ya mzunguko ya magharibi mwa Melbourne, linavuka Mto Maribyrnong. Mimi nilikuwa nalipita alfajiri nikitoka St Albans kwenda Tullamarine, karibu na uwanja wa ndege, ambako nilikuwa naendesha folklifti kwenye ghala. Nilidhani ni mhandisi. Au mwanasiasa, maana madaraja mengi hupewa majina ya hao.

Aliyenicheka ni jirani yangu, mzee wa miaka 67, mzaliwa wa Adelaide, jimbo la South Australia. Alihamia Melbourne kikazi, akaoa huku, akajenga huku, na miaka thelathini na kitu baadaye bado alikuwa anaizungumzia Victoria, jimbo la Melbourne, kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Akadhani ni jina la utani, hata akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni cheo. Akafurahi, akaanza kujitambulisha hivyo kwa wageni wangu.

"Ted Whitten ndiye Bwana Futi mwenyewe," akaniambia, tumesimama kwenye uzio. "Ndiye adui yangu mkubwa. Na siku alipozungushwa MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, mwaka 1995, macho hayaoni, saratani imemmaliza, nililia kama mtoto."

Mpira wao wa Kiaustralia wenyewe wanauita hivyo, futi. Kwetu futi ni kipimo cha mbao. Wanacheza watu 18 kila upande kwenye uwanja wa mviringo, mpira wenyewe una umbo la yai, unapigwa kwa mguu, unadakwa hewani, unagongwa kwa ngumi. Ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu ni pointi sita, na mwamuzi anapunga bendera mbili. Ukipita pembeni kidogo wanakupa pointi moja, kama pole. Mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 11 na alizaliwa hapa hapa, aliijua yote hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa na ni mpaka leo shabiki wa Western Bulldogs, timu ya Footscray, ile ile aliyoichezea Whitten.

Nilichokuwa sikielewi ni hizo mechi za majimbo ambazo Mzee alizitaja kila jioni. Ndipo akanieleza. Zamani ligi kubwa ya Victoria ilikuwa na fedha kuliko zote. Kijana aking'ara Perth au Adelaide au Tasmania, klabu za Melbourne zinamchukua. Halafu jimbo likicheza na jimbo, yule kijana anavaa jezi ya Victoria, kwa sababu anachezea klabu ya Victoria. "Yaani mnapigwa na watoto wenu wenyewe," akasema Mzee. Kwa hiyo South Australia kushinda MCG mwaka 1963 kwa pointi saba, yeye akiwa na miaka kumi, sikio limeganda kwenye redio, ilikuwa ni kama Idd mbili katika mwezi mmoja.

Mwaka 1977 ndipo sheria ikageuzwa: kila mchezaji arudi akachezee jimbo alikotoka. Mechi ya kwanza ilichezwa Subiaco, Perth, tarehe 8 Oktoba, na Western Australia ikaichapa Victoria kwa tofauti ya pointi 94. Hata raga ya huko Sydney na Brisbane ilikuja kuiga wazo hilo mwaka 1980, na wao ndio waliolitunza mpaka leo.

Hapo nikamwambia, Mzee, hii naijua. Kwetu tunaita kombaini.

Nilikuwa kidato cha tatu Tanga nilipochaguliwa kombaini ya mkoa kwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Unaanza na timu ya shule, unachujwa wilayani, unachujwa tena mkoani, wanabaki wachache. Kule wilayani mshambuliaji wa shule jirani alinipiga kiwiko nikapoteza jino. Wiki mbili baadaye wote wawili tuko kombaini, na godoro tulilopewa kambini lilikuwa moja kwa watu wawili. Nililala na adui yangu siku tisa. Jezi zilitolewa kwenye kabati zinanukia naftalini, namba 2 yangu ilikuwa imeshonwa kwa mkono, uzi mweusi juu ya kitambaa cha kijani. Nilicheza dakika ishirini katika mashindano yote, beki wa kulia, kisha jezi zikakusanywa, zikafuliwa, zikarudi kabatini kumsubiri mwingine. Nimevaa nguo nyingi tangu hapo. Hakuna iliyonikaa vile.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi umeelewa."

Kisha ukaja ule moto. Kiangazi cha mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 misitu iliungua mashariki mwa Australia mpaka moshi ukafika mjini. Katikati ya Januari tulifunga milango ya ghala mchana, tukafanya kazi tumefunga pua, na jua likawa kama kaa la mkaa lililosahaulika jikoni. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba mechi ya majimbo inarudi, usiku mmoja tu, Ijumaa tarehe 28 Februari 2020, kwenye uwanja wa Marvel pale Docklands, kuchangia walioathirika. Victoria dhidi ya All Stars. Maana yake Victoria dhidi ya watu wengine wote.

Nikanunua tiketi tatu. Mzee akakataa.

"Hiyo si mechi ya majimbo. South Australia iko wapi hapo? Tumetiwa kwenye kapu moja na Perth na Tasmania na Queensland, tukaitwa nyota. Mimi si nyota. Mimi ni mtu wa Adelaide."

Nikamwambia tiketi hairudishwi. Akaguna, akaingia ndani.

Ijumaa saa kumi na moja jioni mlango ukagongwa. Mzee amesimama barazani kavaa jezi nyekundu ya South Australia, imepauka mabegani, imembana tumboni. Na nilipomkaribisha ndani nikaisikia: naftalini. Sikumwambia kitu. Mke wangu akamwekea chai na maandazi, akala mawili, akasema hiyo jezi aliivaa MCG mwaka 1989, mwaka wake wa kwanza Melbourne, mbele ya watu zaidi ya elfu tisini. Victoria iliwapanga washambuliaji wakubwa watatu, Lockett, Dunstall na Brereton, mbele kwa pamoja.

"Mlishinda?" mwanangu akauliza, kwa heshima kabisa.

"Tulipigwa kwa pointi 86."

Tukapanda treni.

Ndani ya treni mtoto akaanza maswali yake. Alikuwa na daftari la kichwani la wachezaji wote, fulani anatoka wapi, fulani angecheza upande gani. Akamtaja Aliir Aliir, wakati huo beki wa Sydney, ambaye kwetu nyumbani ana nafasi yake kwa sababu alizaliwa Kakuma, Kenya, kambini, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan. Familia ikafika Brisbane, kisha yeye akaenda Perth, akacheza East Fremantle, na huko ndiko Sydney walikomwona. "Sasa huyu ni wa jimbo gani? Queensland au Western Australia?" Mzee akasema linaangaliwa pale mtu alipoanzia mpira, si hospitali alipozaliwa. Mtoto akafikiri vituo viwili. "Basi mimi ni Victoria. Baba je?"

Baba je. Mimi swali la unatoka wapi ninalijibu kila siku katika nchi hii. Kinyozi, dereva wa teksi, mama anayenipimia presha, wote wanauliza kwa upole, na nina jibu limekaa tayari mdomoni: Tanzania, ndiyo, jirani na Kenya, ndiyo, Kilimanjaro. Lakini swali la mtoto lilikuwa jingine. Nikamwambia ningekuwa All Stars, pamoja na Mzee. Watu wengine wote.

"Utakaa benchi," akasema Mzee.

Uwanja ulijaa, zaidi ya watu elfu hamsini. Victoria wakatoka na jezi ya bluu iliyoiva yenye V kubwa nyeupe kifuani, na kelele ikawa ya kweli. Lakini kilichofuata, tuseme ukweli, kilikuwa bonanza. Bonanza zuri, la hisani, la watu wenye vipaji vya kutisha, ila bonanza. Waligongana kama watu waliovaa suti za kukodi. Mchezaji anamwangusha mwenzake, anamnyanyua, wanacheka, maana Jumatatu wako mazoezini pamoja. Kocha wa Victoria alikuwa Damien Hardwick wa klabu ya Richmond, na nyota wa usiku ule alikuwa Dustin Martin, wake mwenyewe wa Richmond. Ukimwangalia Hardwick mpaka unahisi anasali kijana asitonekwe hata ukucha. Ligi ilikuwa inaanza baada ya wiki tatu. Klabu ndiyo inayolipa mshahara, na klabu haitaki mguu wake uvunjikie kwenye jezi ya mtu mwingine.

Mimi nadhani hapo ndipo penye jibu la kama mechi hizi bado zina maana. Zilikuwa na maana kwa sababu ya kidonda, na kidonda kimetibiwa na ligi yenyewe. West Coast wa Perth waliingia mwaka 1987, ligi ikaacha jina la Victoria ikajiita ya Australia mwaka 1990, Adelaide wakaja 1991, Fremantle 1995, Port Adelaide 1997. Mtu wa Adelaide anayetaka kumfunga mdomo mtu wa Melbourne ana nafasi hiyo wiki hadi wiki. Si bahati mbaya kwamba mashindano ya majimbo yalikufa mwaka 1999, yakafufuliwa kwa mechi moja ya sherehe 2008, kisha kimya mpaka moto huu. Hata kombaini yetu ya mkoa, nani anaifuata siku hizi kama si mzazi wa mchezaji? Watu ni Simba na Yanga.

Nikamwambia Mzee hivyo wakati wa mapumziko, tukila chipsi. Hakubisha. Alisema tu kwamba mimi nazungumzia mechi, na yeye anazungumzia jezi.

Robo ya tatu kijana mmoja wa South Australia akadaka mpira hewani mbele ya mabeki wawili, akapiga, mwamuzi akapunga bendera zake mbili. Mzee akasimama. Safu nzima yetu ilikuwa V tupu, yeye peke yake mwekundu, ngumi juu, tumbo nje. "Wetu! Yule wetu!" Mtu wa mbele akageuka kutazama ni nani huyo. Mwanangu, Victoria mtupu, naye akasimama akampigia makofi, kisha akakumbuka yuko upande gani, akakaa.

Ikaisha 118 kwa 72, Victoria. Mzee akasema afadhali, si 86.

Ni usiku ninaoukumbuka pia kwa sababu nyingine. Siku ishirini baadaye ligi ilianza na viti vitupu MCG, kwa sababu ya korona, na mwaka ule hatukurudi uwanjani tena.

Tulipofika kituo cha Southern Cross treni ilikuwa imefurika jezi za bluu. Tukabanwa mlangoni, sisi watatu, mtoto katikati. Jamaa mmoja mnene, V kifuani, bia imemkolea lakini mtu mwema, akatuangalia mmoja mmoja. Nikaona swali linakuja. Nikalitoa jibu langu kwenye kabati: Tanzania, ndiyo, jirani na Kenya.

Akanipita. Akaitazama ile jezi nyekundu kutoka juu hadi chini.

"Wewe," akamwambia Mzee, "unatoka wapi?"

"Adelaide."

"Oh," akasema, na akamwekea mkono begani. "Pole sana."

Mwanangu alicheka mpaka Footscray.