Mama kapasi leo!

Jamani, bado mikono inanitetemeka. Tumetoka kwenye usaili wa uraia wa Marekani asubuhi hii, hapa Columbus, Ohio.

Mama alipeleka maombi kabla ya Oktoba 20, 2025, kwa hiyo alipewa mtihani wa zamani: maswali 100 ya kusoma, unaulizwa hadi 10, upate 6. Wanaoomba sasa wana 128, wanaulizwa hadi 20, wanatakiwa kupata 12. Poleni.

Ana miaka 61 na makazi ya kudumu zaidi ya miaka 15, hivyo aliruhusiwa kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani.

Miezi mitatu nyumba nzima tumesoma naye. Anakanda maandazi huku anataja: wabunge 435, marekebisho ya Katiba 27, Katiba iliandikwa 1787. Susan B. Anthony, aliyepigania haki za wanawake, yeye anamwita Bi Susan, kama jirani yake.

Mimi nilingoja nje. Ndani ya gari ndipo akanisimulia.

Swali la nne: watu gani waliletwa Amerika wakauzwa kama watumwa?

Mama ni mtoto wa Bagamoyo.

"Nikamwambia, Waafrika. Mkalimani akatafsiri. Ofisa akaandika, akaendelea."

Akanyamaza mpaka tulipofika taa nyekundu ya pili. Halafu: "Lile wala sikulisoma, mwanangu."

Nyie mliopitia huu mtihani, swali gani liliwakaa rohoni? Niandikieni hapa, nitamsomea jioni.